Mashine ikikosea, ichongeshe bao

Mashine ndogo ya CNC ikianza kuharibu mbao, mafundi wengi hukimbilia kompyuta. Wanafuta programu na kuiweka upya, wanabadilisha namba wasizojua kazi yake, na mwishowe wanaagiza bodi mpya kutoka China na kuisubiri kwa wiki nyingi. Bodi inafika, inafungwa, na mbao zinaendelea kuharibika, kwa sababu kosa lilikuwa kwenye skrubu moja iliyolegea pembeni mwa mota.

Maelezo haya ni ya wenye mashine za nyumbani Kauma, vitongoji vingine vya Lilongwe, na kule Dzaleka wilayani Dowa. Nazungumzia hasa zile zinazoitwa 3018: eneo la kuchonga milimita 300 kwa 180, umeme wa volti 24, mota ndogo ya 775 inayozungusha biti, na bodi inayoendeshwa na programu ya GRBL. Kubwa kuliko hizo huugua maradhi yaleyale, ila gharama ya kosa ndiyo hupanda.

Ushauri wangu, ndugu fundi, ni huu: anza kwenye ncha ya biti, urudi nyuma polepole. Biti, koleti inayoishika, mbao, skrubu na nati, nyaya, draiva za mota. Kompyuta iwe ya mwisho. Na kabla hujashika spana, iulize mashine yenyewe inaumwa wapi. Njia ninayoiamini ya kuiuliza ni kuichongesha bao.

Bao tunalijua sote. Wenyeji wa Malawi wanalicheza na kuliita bawo, sisi wasemaji wa Kiswahili tumelikuta pwani na bara, na hakuna anayehitaji kuelezwa linavyotakiwa kuonekana. Mashimo 32 katika safu nne za nane yanatosha kufichua karibu kila ugonjwa wa mashine, maana mna mistari mirefu, duara nyingi zinazofanana, na ukifuata bao la Kiswahili utapata pia nyumba mbili za mraba zenye pembe.

Tafuta kipande cha paini chenye urefu wa milimita 200 na upana wa 110. Chora mashimo ya duara yenye kipenyo cha milimita 14 na kina cha milimita 4, na kutoka katikati ya shimo hadi katikati ya jirani yake iwe milimita 20. Nyumba ni shimo la tano kutoka kushoto katika safu ya ndani ya kila mchezaji, naye akihesabu kutoka upande aliokaa. Tumia biti ya milimita 3 yenye meno mawili, ishuke milimita 1 kila raundi, mwendo uwe milimita 500 kwa dakika. Mwishoni ongeza amri moja ambayo wengi hawaifikirii: biti irudi kwenye shimo la kwanza kabisa na kuuzunguka ukuta wake mara moja zaidi, kwa kipimo kilekile.

Kazi yote huchukua kama nusu saa. Muda huo una faida yake: mota na draiva hupata joto, na kasoro nyingi hujificha mashine ikiwa baridi. Kuchora tumia Inkscape au FreeCAD, kutuma tumia Universal Gcode Sender au Candle. Zote zinafanya kazi bila intaneti, kwa hiyo bando lako liko salama.

Sasa lisome bao lako. Anza na lile shimo la kwanza. Ikiwa biti iliporudi ilipita kimya bila kugusa mbao, mashine haikupoteza hatua hata moja. Ikiwa imekula ukuta upande mmoja, imepotea njiani, na unachotafuta ni mahali ilipopotelea. Angalia safu. Kama mashimo yanahama kidogo kidogo kuelekea upande mmoja, shuku kapleri, yaani kile kiungo kinachoshika mhimili wa mota na ile parafujo ndefu. Kina skrubu ndogo za kubana kwa spana ya L, nazo hulegea kwa mtetemo. Zikaze, kisha chora kwa kalamu mstari mmoja unaovuka kapleri na mhimili wa mota. Siku nyingine mstari ukiwa umekatika na nusu zake hazilingani, umepata jibu bila kupima chochote. Lakini kama mashimo yalikuwa sawasawa kisha ghafla yakaruka, hiyo si kapleri. Biti ilikwama kwa ubutu au kwa mwendo mkali, waya umenasa mahali, au draiva imepata joto ikajizima kidogo.

Duara zenyewe zinasema mengi. Shimo lililo bapa kushoto na kulia linaonyesha pleyi, yaani ulegevu, kwenye mhimili wa X. Likiwa bapa juu na chini, pleyi iko kwenye Y. Thibitisha kwa mkono: mashine ikiwa imewashwa na biti imesimama, shika kichwa chake, kisukume na kukivuta. Ukisikia inagonga, nati inayotembea juu ya parafujo imelegea au imelika. Nyingine zina nati mbili na springi katikati. Hakikisha springi bado inasukuma. Mashine za magurudumu ya plastiki zina nati za kukazia magurudumu hayo. Zikaze mpaka gurudumu lisizunguke ovyo kwa kidole, ila usizidishe, litalika upande mmoja.

Shimo la duara safi lakini kubwa kuliko ulivyochora, tuseme milimita 14.4 badala ya 14, maana yake biti inayumba inapozunguka. Hapa kosa mara nyingi ni uchafu. Fungua koleti, isafishe ndani na nje kwa mswaki mkavu, safisha na tundu inamokaa. Kisha ipachike kwanza ndani ya nati yake mpaka ilie tik, ndipo uirudishe kwenye mhimili. Ukiitupia tu kwenye tundu na kukaza nati juu yake, itakaa upande na biti itayumba hata kama kila kitu ni kipya. Biti nyingi ndogo zina shina la milimita 3.175; usizifunge kwenye koleti ya milimita 3 kwa nguvu.

Baada ya hapo ndipo upime kwa kalipa. Kutoka ukingo wa kushoto wa shimo la kwanza hadi ukingo wa kushoto wa shimo la nane inapaswa kuwa milimita 140. Ukipata 137.2, mashine inatembea pungufu, na hapo sasa namba za kompyuta zinahusika. Andika $$ kwenye programu ya kutuma, utaona orodha. $100 ni ya X, $101 ya Y, $102 ya Z. Kwenye 3018 nyingi namba hiyo ni 800. Zidisha 800 kwa 140, gawa kwa 137.2, utapata 816.33; hiyo ndiyo namba mpya. Nakili ya zamani kwenye daftari kabla ya kuibadilisha. Na usifanye hesabu hii kabla ya kuondoa pleyi, maana utakuwa unarekebisha kosa kwa kosa.

Pima pia kona kwa kona, kutoka katikati ya shimo la pembeni juu kushoto hadi la chini kulia, halafu ile pembe nyingine. Zote mbili ziwe milimita 152.3. Zikitofautiana, fremu imekaa mshazari. Legeza boliti za fremu, inyooshe kwa mraba wa seremala, kaza tena.

Kina nacho kinasema. Mashimo ya upande mmoja yakiwa na kina kuliko ya upande mwingine, meza haiko sawa au paini yako imepinda. Dawa ni kufunga juu ya meza ubao wa kafara, MDF au paini iliyokauka, na kuiacha mashine yenyewe iuparuze uso wote mpaka uwe sawa na njia ya biti. Lakini mashimo yakizidi kina kadiri kazi inavyoendelea, biti inateleza na kushuka kwenye koleti. Na ukiona sakafu ya shimo ina ngazi ndogondogo unazozihisi kwa ukucha, mota ya biti haijasimama wima.

Kuta zilizoungua au zenye nyuzinyuzi zinakurudisha kwenye biti. Kabla ya kuitupa, ioshe kwa mafuta ya taa na mswaki. Paini ina utomvu unaoganda kwenye meno, na biti nyingi zinazoitwa butu ni chafu tu. Kisha angalia kinachotoka. Biti inayokata vizuri hutoa chenga. Ukiona unga mtupu, inasugua. Mara nyingi fundi akiona moshi hupunguza mwendo, na hapo ndipo anapozidisha kuunguza, maana biti inasugua pale pale kwa muda mrefu. Hesabu yake ni rahisi: mizunguko 10,000 kwa dakika, mara meno 2, mara chenga ya milimita 0.05, ni mwendo wa milimita 1,000 kwa dakika. Mashine ndogo haina ubavu wa kwenda hivyo kwa kina kikubwa, kwa hiyo punguza kina kwanza, mwendo baadaye. Mlombwa, yaani mninga, unachongeka vizuri kwa nusu milimita kila raundi. Mpingo upewe pungufu ya hapo, na uvumilivu.

Maradhi ya upande wa umeme yana tabia yake huku kwetu. Januari 2022 dhoruba Ana ilipobomoa bwawa la Kapichira kwenye mto Shire, Malawi ilipoteza karibu megawati 130 kwa mkupuo, na wenye mashine walijifunza kwa uchungu maana ya magetsi, yaani umeme, kukatika katikati ya kazi. Bwawa lilirudishwa, lakini tabia ya umeme haikuisha.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili. Umeme wa ukutani ukikatika, kompyuta ya mapajani inaendelea kwa betri yake, na bodi ya mashine inapata moto mdogo kupitia waya wa USB. Ubongo wa mashine hauna habari kwamba mota zimekufa. Unaendelea kusoma mistari na kuhesabu hatua ambazo hazikutembewa. Umeme ukirudi dakika tatu baadaye, mota zinaamka na kuendelea kutoka mahali pasipo pake, na biti inakata katikati ya ua ulilokuwa unalichonga tangu asubuhi. Kwa hiyo taa ikizimika, kazi ya kwanza ni kusimamisha programu, ya pili kuzima swichi ya mashine, ya tatu kuinua biti kwa mkono kutoka kwenye mbao.

Ili uweze kuendelea baadaye, jiandae kabla ya kuanza. Pigilia kwenye ubao wa kafara vipande viwili vya mbao vilivyokaa kama herufi L, mbao yako isukumwe humo kila mara. Toboa tundu dogo la kina cha milimita 1 mahali pa sifuri, sehemu itakayokatwa au kufichwa. Umeme ukirudi, shusha ncha ya biti kwenye tundu lile, weka sifuri upya, anza tena faili uliyokuwa nayo. Nasema faili uliyokuwa nayo kwa sababu kazi ya saa nne haipaswi kuwa faili moja. Igawe katika vipande vya nusu saa. Umeme unaporudi, usiwe wa kwanza kuwasha. Volti za mwanzo huruka. Subiri dakika kumi, au nunua stabilaiza.

Wenye sola, Dzaleka mpo wengi, mna nafasi nzuri msiyoitumia. Mashine inakula volti 24 za moja kwa moja, na mzigo wake hauzidi sana wati 100. Mnachukua betri ya volti 12, mnaipandisha hadi 230 kwa inveta, kisha kichaji cha mashine kinaishusha tena hadi 24, na kila hatua inapoteza moto njiani. Betri mbili za volti 12 zikifungwa kwa mfululizo zinatoa 24 bila safari hiyo. Tahadhari ni mbili. Betri zikiwa zinachajiwa na jua kali huweza kupita volti 28, kwa hiyo weka katikati kidhibiti kinachotoa 24 thabiti. Na fyuzi ya ampea 10 ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri. Kama hujawahi kufunga mambo haya, mwite fundi umeme; betri haina huruma na spana iliyoanguka.

Mashine inayokata mawasiliano na kompyuta ni ugonjwa wa Septemba na Oktoba, hewa ikiwa kavu. Bomba la plastiki la kufyonza vumbi linasuguana na chenga na kujaza umemetuli, kisha cheche ndogo inaruka kwenye fremu na USB inakatika. Zungushia bomba waya wa shaba usio na ganda, uunganishe na fremu, na fremu iunganishwe na ardhi. Usiamini tundu la tatu la soketi; kwenye nyumba nyingi za kupanga halijaunganishwa na kitu. Waya wa USB uwe mfupi, usilale kando ya waya wa mota ya biti, na kompyuta izuiwe isijilaze yenyewe. Ukitaka kujua kosa liko wapi, rudia lile bao hewani, biti ikiwa juu ya mbao na mota yake imezimwa. Likimalizika bila kukatika, tatizo linaletwa na mota ya biti au vumbi. Likikatika hata hewani, badilisha waya kwanza.

Mota ya mhimili inapotetemeka na kunguruma bila kuzunguka, waya mmoja kati ya minne umekatika au hauingii vizuri. Zima umeme kabisa, hamisha plagi ya X uiweke kwenye Y na ya Y kwenye X, washa. Ugonjwa ukibaki kwa mota ileile, mota au waya wake ndio mbovu. Ukihamia kwa mota ya pili, mbovu ni draiva. Jaribio hili halina gharama na limewaokoa watu kununua bodi nzima. Lakini usichomoe plagi ya mota mashine ikiwa na umeme, hata mara moja. Draiva inaweza kufa papo hapo. Draiva inayosimama baada ya dakika ishirini na kupona ikipoa inahitaji hewa tu: feni imejaa vumbi.

Na vumbi ndilo mama wa yote. Vumbi la mbao linachanganyika na vumbi jekundu la kiangazi na kuwa msasa ndani ya nati. Usipulize bodi kwa kompresa, italisukuma ndani zaidi. Pampu ya baiskeli inatosha. Vika tundu la feni soksi nyembamba, uifue kila wiki. Parafujo zipigwe mswaki mpaka zing'ae, kisha zipakwe utando mwembamba wa mafuta ya cherehani, yale yanayouzwa kila soko, na ufute yaliyozidi. Vyuma laini vinavyobeba kichwa vifanyiwe vivyo hivyo. Grisi hapana, oili chakavu ya gari hapana, na mafuta ya kupikia yanaganda kama gundi. Mikanda ya meno na magurudumu ya plastiki hayapakwi chochote.

Kompyuta ikiandika ALARM:1, swichi ya kikomo imeguswa; ALARM:2, kazi uliyotuma inatoka nje ya meza. Error:9 inakuja baada ya hizo, maana yake mashine imejifunga. $X inaifungua, lakini tafuta kwanza kwa nini ilijifunga. Error:20 ni faili iliyoandikwa kwa lugha ya mashine nyingine. Itoe upya ukichagua GRBL.

Kuanzia Novemba hadi Aprili mbao zinakunywa unyevu. Paini mbichi ya Chikangawa inayouzwa barabarani itatoa nyuzi hata kwa biti mpya, na ikichongwa itapinda ukiwa umeshaikabidhi kwa mteja. Ipime kwenye mizani ya duka leo, uipime tena baada ya wiki. Uzito ukiwa bado unashuka, haijakauka.

Kuna njia moja ya kuirefushia maisha mashine ambayo haimo kwenye vitabu vyake: usiichoshe kwa kazi ya mkono. Raundi ya mwisho ya kulainisha uso wa ua au simba inaweza kula saa nyingi, na matokeo yake bado yana alama za biti. Pale Mua, kwenye kituo cha sanaa cha Kungoni kilichoanza 1976, wachongaji wanamaliza kazi zao kwa patasi, na mnunuzi anayegeuza sanamu kutazama mgongo wake anautambua mkono. Mashine iondoe mbao nyingi, wewe umalizie. Ukiuza kwenye tamasha la Tumaini pale Dzaleka, utaona vibao vilivyoguswa kwa patasi ndivyo vinavyotangulia kuondoka.

Miwani na barakoa vivaliwe hata kwa kazi ya dakika mbili. Vumbi la mninga na mpingo huwasha pua na ngozi. Glovu zivuliwe, kwa sababu biti inayozunguka huzinasa na kuvuta kidole. Chitenje, mikono mirefu na watoto vikae mbali.

Vipuri vya kuweka ndani ni vichache: koleti moja, kapleri moja, nati ya parafujo, draiva mbili, waya wa USB, na mota ya 775, kwa sababu brashi zake za kaboni zinalika na cheche zikianza kuonekana kwa nyuma haina siku nyingi. Printa na fotokopi zilizotupwa zina vyuma laini, mikanda na mota nzuri, kwa hiyo jenga urafiki na wanaozivunja. Unapokwenda Lilongwe mjini kutafuta kipuri, beba kilichoharibika mfukoni na kalipa mkononi, maana kapleri ya milimita 5 kwa 8 na ya 6 kwa 8 zinafanana machoni, na nauli ya kurudi tena mjini kutoka Dowa kubadilisha hakuna atakayekulipa.